Wanjugu Anasoma Midomo

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimeletewa kiziwi. Hivyo ndivyo Wahome alivyosema, mlango wazi, watoto wanasikia – Mwalimu Mwelu, nimekuletea kiziwi Gredi ya Tano, jipange. Mwenye shule huyo, na mdomo wake! Msichana anaitwa Wanjugu. Mashine yake ya sikio iliharibika, sasa anasoma midomo ya watu. Mama yake anauza nguo Kawangware. Alinishika mkono, akasema shule ya bweni ya mbali hataki, huyu ndiye wake wa pekee, ananiachia mimi na Mungu. Woi! Na mimi nina darasa limejaa mpaka mlangoni.

Jumatano, 14 Mei
Kumbe miaka hii yote nimekuwa nikifundisha ubao! Naandika huku naongea, na Wanjugu anaona kisogo tu. Leo nimejilazimisha. Andika, nyamaza, geuka, ndio useme. Na darasa zima vilevile – ukijibu swali, mgeukie Wanjugu, fungua mdomo, tamka polepole. Tukafanya mazoezi bila sauti, midomo tu. Walicheka hadi machozi lakini wameshika haraka. Wanjugu amepata hesabu zote za sehemu. Zote! Nimefika nyumbani Mutuini nikiimba juu ya boda, mwenye boda akadhani nimelewa.

Jumanne, 20 Mei
Mjinga mimi. Mjinga kabisa.
Wiki nzima darasa limekuwa kimya nikiandika ubaoni. Hata kikohozi hakuna. Jana niliwapigia makofi kwa nidhamu! Leo chaki imekatika, nikageuka kabla ya wakati. Midomo inacheza darasa zima. Sauti hakuna. Wamemgeukia Wanjugu, wanamtamkia polepole, vizuri, vile niliwafundisha. Aliye nyuma yake anamvuta sweta ili asiangalie chini.
Stacy ndiye alikuwa ameongoza. Nikamwambia arudie kwa sauti. Akakataa. Nikambana mpaka akatapika yote – ng'ombe wewe, nani alikuita hapa, mama yako alikuzaa nusu.
Nimempigisha magoti hadi kengele. Alilia, na nilifurahi kumwona akilia.
Wanjugu nimemuuliza imeanza lini. Tangu utufundishe, akasema, na ile sauti yake ya puani. Nikamwambia basi wakianza, fumba macho! Akatikisa kichwa. Ati akifumba hataniona mimi.

Alhamisi, 22 Mei
Mama Stacy amewaka. Amempigia Wahome, ameandika kwa grupu ya wazazi, ati mtoto wake anateswa kwa sababu ya mtu asiyesikia. Anasomesha watatu hapa. Hakuna mzazi hata mmoja aliyemjibu. Emoji za maombi tu. Washindwe!

Ijumaa, 30 Mei
Wahome ameniita ofisini. Anaanza na kandarasi yangu, ati bado hajaamua kama ataniongeza mwaka. Halafu ndio anafika kwa Wanjugu. Jumatano mama yake ataitwa, mtoto aulizwe maswali mbele yake. Akijibu, abaki. Akishindwa, mama amtoe mwenyewe, na hakuna atakayesema shule imemfukuza. Mjanja huyo.
Nilitaka kumwambia ana roho ya nyoka. Badala yake nikacheka naye. Nikasema, hata mimi bwana, huyo mtoto amenichosha, ni mzigo, ukimtoa nitapumua.
Nilikuwa nataka tu anipende kidogo. Kandarasi jamani!
Nikageuka. Dirisha la ofisi ni kioo kitupu. Wanjugu alikuwa nje, amekumbatia vitabu nilivyomtuma alete. Hakuwa ananiangalia macho. Alikuwa anaangalia mdomo wangu.
Aliweka vitabu chini, akavipanga, akaenda.
Labda hakushika. Nilikuwa nimekaa upande.

Jumanne, 3 Juni
Likizo ya Madaraka imeisha. Nimepitia maswali ya kesho na Wanjugu, ameandika majibu yote sawa. Daftarini, kichwa chini. Nikiongea anaangalia kola ya blauzi yangu. Nimemletea mandazi. Ameyaacha kwa dawati, Stacy ameyala.
Ameshika. Aki ya nani, kila neno.

Jumatano, 4 Juni
Ni break. Naandika hapa hapa mezani.
Walikuja, Wahome na mama. Mama amevaa nguo ya kanisa. Nikasimama mbele ya Wanjugu, nikafungua mdomo, nikatamka swali rahisi kuliko yote. Robo na nusu ni ngapi.
Amefumba macho.
Nikamgusa bega. Akayabana zaidi, mpaka uso ukakunjamana. Mama akamtikisa, akamwambia mwanangu usiniaibishe, na yeye hasikii wala haoni. Nyuma Stacy alikuwa anacheka bila sauti. Wahome akaniangalia kwa upole, kama tulipanga pamoja! Akasema tumpe nafasi moja ya mwisho baada ya break, tusionekane wabaya.
Wenzake wako nje. Yeye amekaa, macho yamefungwa. Nimeandika samahani kwa karatasi, kwa herufi kubwa. Nimeiingiza chini ya vidole vyake. Hajui ni nini. Nimepiga magoti mbele yake, pale pale nilipompigisha Stacy, nikatamka polepole, mdomo wazi. Samahani. Samahani Wanjugu. Nisamehe.
Sauti haikutoka, hata mimi sikujisikia.
Kengele inalia. Viatu vya Wahome viko kwa korido, na vya mama nyuma yake –