Filta ya Nyuma

Gereji ya Mwaro,
Malindi.
9 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Kahonzi,

Marahaba. Shikamoo yako sijaipata mwaka wa sita sasa, lakini mimi najiitikia mwenyewe kama mwendawazimu. Hujambo huko Nakuru? Baridi waiwezaje, wewe uliyekuwa ukijitanda leso mbili kwa mvua ya Mei tu? Nasikia una cherehani mbili na kibanda chako. Nimefurahi. Sisi huku tu wazima, na mahindi ya Mama kule Ganda yamesimama vizuri.

Simu zangu huzipokei, na una haki. Ndiyo maana barua hii nimempa Caroline wa jirani, anayesoma huko, akukabidhi mkononi.

Si habari ya msiba, usishtuke. Ni habari ya gari. Unakikumbuka kile kigari chekundu cha spoti cha yule mzee Mwitaliano, cha viti viwili, kilichotuaibisha tulipokuwa mafundi pamoja hapa gerejini? Amekinunua Thuku muuza vipuri, akaniletea mwezi uliopita. Ugonjwa ni ule ule: mjini kinakwenda, ukikikanyaga barabara ya Gongoni kinakohoa na kuzima. Ukikipumzisha, kinawaka tena.

Nikabadilisha filta ya petroli pale mbele, kando ya kabureta, kama ulivyofanya wewe mara tatu. Wapi! Kikazima kabla ya njia panda ya Ngomeni. Thuku si mtu wa kelele, aliniuliza tu kama nimeifuata paipu mpaka mwisho wake. Mimi, mwenye miaka ishirini ya ufundi, naulizwa hivyo na muuza vipuri!

Basi nikachomoa waya wa betri, nikainua nyuma kwa jeki, nikaweka magogo, nikaingia chini. Nikaifuata paipu kwa kidole kutoka kwenye tangi. Juu ya ekseli, nyuma ya kibati cha skrubu mbili, nikaikuta filta ya pili, ya chuma, imeliwa na kutu kama sufuria ya jalalani. Nikabana paipu, nikalegeza klipu, nikaitoa. Ndani mlikuwa na tope tupu. Nikafunga mpya, mshale ukielekea injini, na kigari kikaenda Gongoni na kurudi bila hata kikohozi kimoja.

Thuku alicheka kwa furaha. Mimi nilikaa juu ya tairi nikalia.

Maana wewe ulisema. Siku ile, mbele ya Mwitaliano, uliniambia, "Kaka, petroli haifiki mbele. Hebu tutazame kule nyuma." Mtaka cha mvunguni huinama, nami sikutaka kuinama mbele ya mteja kwa neno la mdogo wangu. Nikakukemea kama mtoto.

Sasa nikuambie usilolijua. Miaka yote umeamini ni mafundi wenzetu waliokuzushia nuksi, kwamba gari ukiligusa wewe asubuhi, kazi ya siku nzima huharibika. Neno lile nililitoa mimi, Kahonzi. Ulikuwa umekwenda kutuletea chai. Mwitaliano akaniuliza mbona gari lake haliponi, nami nikacheka, nikamwambia huyu dada yangu ana mkono wa nuksi. Nilitaka kuokoa jina langu. Mafundi wakasikia, neno likatembea. Likafika kwa Mama, akakuogesha maji ya vuo ya kuondoa nuksi siku saba, ukitetemeka na majani ya dawa kichwani. Likafika kwa kina Baya, wakavunja posa. Kote huko nilikuwepo, na nilinyamaza. Nina aibu hata kuandika.

Baya ana mke sasa, na watoto wawili. Hilo halifunguki kwa spana.

Gerejini nimewaambia mafundi wote, mmoja mmoja. Baadhi yao wamecheka, mmoja hanisemeshi. Jumapili nikaenda kwa Mama na ile filta ya kutu, nikamweleza. Akaigeuzageuza mkononi.

"Kumbe mwanangu nilimwogesha bure," akasema. "Na neno lenyewe, Mwaro, lilianzia kwa nani?"

Nikamwambia. Akainuka, akaingia ndani, akakomea mlango. Akasema kutoka huko kwamba nisikanyage kwake tena mpaka wewe mwenyewe uniruhusu.

Sikuandikii unitetee. Ukitaka nikae nje, nitakaa, na usiharakishe. Ila Mama anakuhitaji, na magoti yake hayatamfikisha Nakuru. Njoo umwone. Kama uso wangu huuwezi, mtumie Caroline tarehe, nami siku hizo nitaondoka Malindi, nisirudi mpaka uwe umekwenda.

Mke wangu Mapenzi anakusalimu sana, na shangazi Janet, na babu Kiponda ambaye bado anakuita fundi. Mungu aibariki mikono yako miwili na kila inachokigusa.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na niliyekukosea,

Mwaro