Sello Zilipanda Mtumbwi, Mume Akabaki

Shangazi Kache mpendwa, nimekwama, na sina wa kumwambia ila wewe, kwa hiyo nivumilie nikimwaga yote kwa pumzi moja. Mimi ni mwalimu hapa Ngao, nimeolewa na Komora, mkulima wa mpunga, mtu mpole asiyejua kugombana, na mwanetu Ishmael yuko chuoni Mombasa, ndiyo maana chumba chake kikageuka ghala la sello. Sello, Shangazi, ni ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni na kukumbatiwa kwa magoti. Mimi nilijifunza nikisomea ualimu, na rafiki yangu Lois, anayefundisha kwaya kanisani, akasema mbona watoto wetu nao wasijue, tukaomba huku na huko mpaka shule moja ya muziki ya Nairobi ikatupa sello sita kuukuu, na sasa kila Jumamosi watoto wanajaa kwetu, wa Ngao, wa Idsowe, hata mabinti wa wenye maduka wa Kisomali kutoka Garsen. Komora hajawahi kulalamika, ingawa mtoto anayeanza sello hutoa sauti ya ndama aliyepotezana na mama yake.

Basi mwaka huu mto Tana ukafurika, maji yakaingia uani mchana kweupe, sisi tukadhani yatafika kwenye ngazi na kurudi kama siku zote, lakini yakaendelea kupanda mpaka magotini, na Lois akatokea na mtumbwi wa kuazima, mdogo, wa kubeba watu wawili na mzigo, tukapakia sello zote sita, na Komora akauliza yeye je, nikamwambia asubiri safari ya pili, akapanda juu ya dungu analokaa akifukuza ndege wa mpunga, yeye na kuku wake. Tulipokuwa tunaondoka nikasita kidogo, lakini Lois akasema, "Twende. Baba Ishmael anajua kuogelea, sello hazijui." Tukacheka, Shangazi, ni woga tu ule.

Tulipofika shuleni kwenye mwinuko, sello moja ilikuwa imelowa, nikaanza kuifuta, watoto waliokimbia mafuriko wakatuzunguka, wengine wanalia, Lois akaniambia niwapigie wimbo mmoja watulie, nikapiga, wakaomba wa pili, na kumbe muda unakwenda, kutahamaki jirani mmoja mvuvi anamteremsha Komora pale na kuku wake, amelowa chapachapa, akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa. Maji yalipopungua alinisaidia kutoa matope nyumbani, kisha akaenda kwa kaka yake Gunga kule Idsowe, ati kusaidia kupanda mpunga, na mpaka leo hajarudi. Nikimpigia simu anajibu, "Mimi sijambo. Sello zako hazijambo?" Halafu anakata. Sasa huyo Gunga ameniletea ujumbe kwamba nichague, mume au mbao. Nimeshaeleza mara nyingi kwamba zile ni mali ya watoto na nimekabidhiwa, na kwamba dungu lile ni imara, lakini hakuna anayenielewa. Nifunge masomo? Namba ya Komora hiyo hapo chini, ukiona inafaa umpigie.

Mimi Mwalimu wa Sello, Ngao.

*

Mwalimu wangu, pole kwa matope na pole kwa nyumba kuwa kimya. Nimecheka niliposoma habari ya ndama, sikufichi. Lakini nilipofika kwenye dungu nikaacha kucheka. Mto Tana una mamba, mwanangu, na ninyi wawili mnasifu mtu kwa kujua kuogelea. Mamba anamuuliza nani kama ana cheti cha kuogelea?

Nimempigia Komora. Ameniambia kwamba sello kubwa kuliko zote ni yeye aliyeibeba kichwani hadi mtumbwini, na hilo wewe hukuliandika. Hana ugomvi na sello. Ya mume au mbao ni maneno ya Gunga peke yake, naye Komora alishangaa kuyasikia kwangu. Kisha akasema polepole, "Niliwasikia wakicheka. Nikamwita mara mbili, hakugeuka."

Basi hilo ndilo jeraha. Wewe umekuwa ukimweleza habari za dungu imara na mali ya watoto, ukijibu swali ambalo hakuuliza. Unajua kusikia mtoto wa mstari wa nyuma anapokosea noti, lakini sauti ya mumeo juu ya maji ilikupita. Sisemi hukumpenda. Nasema hukumwangalia, na mtu mpole hagombani, huondoka tu.

Masomo usifunge. Watoto waliolia siku ile walitulizwa na mikono yako, na hilo si jambo dogo. Ila toa sello nyumbani kwako, omba nafasi pale shuleni kwenye mwinuko, ili siku nyingine usilazimike kupima nani apande kwanza. Lois naye ana deni la maneno, lakini asubiri zamu yake, usiende naye.

Nenda Idsowe wewe mwenyewe, usitume wazee wala mchungaji. Msalimie Gunga kwa heshima, hata kama ulimi wake unakuwasha. Kisha mkae wawili, umwambie Komora: nilikuacha, nikacheka, nikachelewa, nisamehe. Ukimaliza, funga mdomo. Neno "lakini" liache Ngao. Akinuna, mwache anune. Amekaa juu ya dungu na kuku wakati mkewe anapiga nyimbo, ana haki ya kununa kidogo.

Nami nimemwomba asiende shambani Jumamosi hii, nikamwambia huenda akapata mgeni. Akauliza kama mgeni mwenyewe bado anapenda samaki wa nazi. Nimemjibu kwamba anapenda. Kwa hiyo watangazie watoto kwamba Jumamosi hakuna somo, na ufike kabla chakula hakijapoa.