Jibini Isiyo na Shimo

Ijumaa, 3 Mei

Soko la Langres limefurika leo. Jibini zangu zote zimekwisha kabla ya saa tano! Thibaut, yule muuza asali wa meza ya pili, kaja na kisingizio kingine — eti asali imemwagika, nina kitambaa? Ijumaa ya tatu hii! Mwishowe katema: Jumapili ya wiki ijayo nikale kwake mchana. Mimi nilete jibini, yeye ana shampeni ya kumimina kwenye lile shimo la juu ya jibini, kama desturi yetu Langres. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Mjane wa miaka sita, mikono inanuka maziwa — na ndiyo!

Jumatano, 8 Mei

Nimeichagua jibini ya Jumapili. Rafu ya juu, ngozi rangi ya chungwa, shimo kama kisahani. Mavyaa wangu, Mama Huguette, kanikuta naichekea. Kauliza kama nina homa.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa! Jibini za rafu nzima zimepinduliwa, zimelala kifudifudi. Shimo hakuna — bapa kabisa! Jibini ya Langres haigeuzwi kamwe, ndivyo inavyopata shimo. Aliyenifundisha hivyo ni Mama mwenyewe.

Nimemuuliza. Hakukana.

"Isiyo na shimo haimiminiwi kitu. Abaki na chupa yake!"

Nilijiandaa kugomba, nikaangua kicheko. Yeye ndiye aliyelia. Mwanawe kafa, nami nikiolewa, atabaki na nani — ng'ombe? Nikamkumbatia. Ni chakula cha mchana tu, Mama.

"Mwanangu, hakuna chakula cha mchana tu."

Jumapili, 12 Mei

Gauni la tatu hili. Niliazimia kwenda na jibini bapa hivyo hivyo, na Mama pia — kavaa kofia tangu alfajiri! Mara Thibaut huyo mlangoni, kaja kutuchukua, chupa kwapani. Nikamwonyesha aibu yangu. Kaitazama, kaomba kijiko, kaanza kuchimba shimo!

"Dhambi hiyo!" Mama kapiga ukelele. Kisha kampokonya kijiko. "Unachimba kama panya. Hebu lete."

Nimekimbilia chumbani eti natafuta hereni. Moyo unaruka! Nawasikia jikoni. Mama anamuuliza Thibaut nyumba yake ina vyumba vingapi.

"Vinne, Mama."

"Cha chini kinaingia jua?"

Mungu wangu — sasa kiti kinaburuzwa, na Thibaut anasema, polepole sana, kwamba kinaingia jua la asubuhi, ila dirisha lataka pazia, na Mama anapenda rangi gani?