Nguo Mbili Zisizoshonwa

Gisenyi, Jumapili mchana

Fundi wangu,

Nimefunga duka na nimekaa kwenye kiti chako. Usikasirike. Changu kimevunjika mguu tangu Pasaka na sijapata nafasi ya kukitengeneza, nawe huko uliko sidhani unakihitaji. Najua ungesema nini kuhusu mtu anayemwandikia barua aliyezikwa. "We Tadeyo, posta ya huko utaiona wapi?" Lakini nina habari ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu, na kila nikianza kumsimulia mtu naona hacheki pale ambapo wewe ungecheka.

Nimefika Yerusalemu. Ndiyo, mimi, mwanafunzi wako wa sindano, niliyekuwa naogopa hata kupanda mtumbwi kwenda kuchukua vipimo vya watu ng'ambo ya ghuba. Nimefika na nimerudi, na nguo zako nilikwenda nazo.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa unanigombeza kwa kukata kitambaa kabla ya kupima.

Siku uliyotutoka nilikuwa Goma kutafuta nyuzi. Ulikuwa umerudi kutoka soko la Nyakiriba umelowa, na cherehani kichwani mwa mchukuzi imefunikwa vizuri kuliko wewe. Ukasema ni mafua tu. Nikaamini, kwa sababu ulisema hivyo huku ukinifokea juu ya kola ya shati la karani. Niliporudi kutoka Goma nikakuta wamekwisha kukuzika, maana ninyi Waislamu hamngoji. Ulivishwa sanda ya marekani mpya ya dukani. Katika kilio kile hakuna aliyekumbuka sanduku la chini ya kitanda, na ndani yake zilikuwamo nguo zako za hija. Nililia mara mbili, Fundi, kwanza kwa sababu yako, halafu kwa sababu ya sanduku lile.

Mkeo, Mama Zaina, ndiye aliyeumia zaidi. Kila nilipopita kumsalimu alisema neno lile lile. "Zile nguo ziko pale, zinaniangalia. Ye alitaka kuzivaa, hata kama ni kaburini." Ulizinunua kabla ya vita. Vita vikafunga njia. Vilipokwisha, mguu wako ukavimba, halafu ikaja harusi ya Zaina, halafu nimesahau ikaja nini. Mtaani watu walikutania wakikuita Haji, nawe ulikuwa unakataa kwa hasira ya kweli. "Mi sijafika, munaniita Haji ya nini? Haji ni mutu mwenye alifika."

Nguo zile mimi na wewe tuna kisa nazo. Sijui kama huko wanaruhusu kucheka, lakini kama wanaruhusu, cheka. Kila mwaka mwezi wa hija ulikuwa unazitoa na kuzianika uani ili nondo wasizile. Mwaka ule nikaona kingo zimeanza kuchomoka nyuzi. Ulipokwenda msikitini Ijumaa nikazitia pindo, zote mbili, pande zote, mshono mdogo mdogo wa mkono ule uliokuwa unaniambia sitauweza kamwe. Nikazikunja na kukaa nikingoja sifa. Ulirudi, ukashika ukingo, ukatazama, ukatazama tena.

"Yewe Tadeyo! Umezishona?"

Ukacheka mpaka ukakaa kizingitini. Mimi Mkristo wa watu ningejua wapi kwamba mwanamume akienda Makka huvaa nguo mbili tupu, ambazo sindano haijazigusa? Ulinieleza hivyo ukiwa unafuta machozi ya kicheko. Kisha ukachukua wembe ukaanza kuufumua mshono wangu, na nilipotaka kukusaidia ukanizuia. "Wacha. Mbele ya Mungu fundi haendi na mushono yake." Ulifumua mpaka magharibi ikaingia. Matundu ya sindano hayakutoka. Ukasema si kitu, Mungu ataona kwamba mshono uliwahi kuwapo na ukatolewa.

Sasa safari. Padri alitangaza kwenye misa kwamba kundi dogo la Wakristo litakwenda kuhiji nchi ya Bwana wetu pamoja na mapadri wawili, yeye akiwa mmoja wao, na parokia yetu itatoa mtu mmoja. Wazee wa kanisa wakanitaja mimi, eti kwa sababu nashona kanzu za watumishi wa altare. Nilitaka kusimama niseme kwamba nusu ya zile kanzu ulishona wewe, nikakumbuka neno lako. Ulikuwa unasema kanzu ni kanzu, atakayevaa atajijua mwenyewe na Mola wake.

Nilijiandaa kwa njia niliyoijua, nayo ilikuwa yako. Si ulinifundisha kwamba anayekwenda kuhiji huanza kwa kupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi? Nikapita. Nilimwomba radhi fundi viatu, na wauza samaki wa ufukweni, na mama mkwe wangu ambaye alishtuka akadhani nimepata ugonjwa. Wakristo wenzangu walinitazama kama niliyelewa. Habari ikafika kwa padri, naye akaniita. "Bon, Tadeyo. Wanasema umesilimu?" Nikamwambia hapana, ila sikujua namna nyingine ya kuondoka. Akasema basi hata yeye nimsamehe kwa ile siku aliyonifokea juu ya mapazia. Nikamsamehe. Yalikuwa mapazia mabaya kweli, ila kitambaa alichagua mwenyewe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yako. Mama Zaina alinipa radhi, kisha akaingia ndani akatoka na nguo zile zimefungwa kwenye kanga. "Peleka. Miguu yake ilikataa, yako inakubali. Huko Kudsi, Yerusalemu yenu, Waislamu wako. Tafuta mutu mwenye anaenda Makka, amufanyie hija ya badala." Nilijua habari hiyo kutoka kwako. Aliyekwisha kuhiji kwa ajili yake mwenyewe anaweza kumhijia maiti aliyekufa na hamu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuwa Mkristo wa parokia uliyebeba nguo za Makka katika mfuko wa kuhiji kwa Bwana Yesu ni kingine. Niliziweka chini kabisa, chini ya rozari na viatu. Niliogopa padri asije akaziona, na niliogopa zaidi nisije nikazirudisha kama zilivyo, halafu nimtazame vipi yule mama.

Lori mpaka Kampala. Ndege mpaka Misri, nyingine mpaka Yerusalemu. Ya ndege sitakueleza mengi, ila nilisali sala zote ninazozijua, na zilipokwisha nikaanza na zako chache nilizokuwa nimezishika kwa kukusikia.

Mji wenyewe, Fundi, wameukata katikati kwa seng'enge na askari. Sisi hapa mtu anavuka kwenda Goma na kikapu chake cha samaki akarudi jioni. Kule jirani hamwoni jirani yake. Nilisikitika. Lakini ndani ya kuta za zamani ni soko tupu, kelele, mkate wa moto, mafundi nguo mstari mzima barazani, nikajiona niko nyumbani.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda mapema kwenye kanisa la kaburi la Bwana, tukakuta mlango haujafunguliwa. Tukangoja na mapadri wa kila namna. Hata watawa weusi walikuwapo, Wahabeshi wanaoishi katika vijumba vya udongo juu ya paa la kanisa lenyewe. Nikauliza ufunguo uko kwa nani. Fundi, ufunguo uko kwa Mwislamu! Wakristo wale hawakuelewana nani aushike, basi tangu zamani sana unashikwa na Waislamu, baba akimwachia mwana. Mzee akaja na tarbushi yake, akafungua, akatuamkia, akakaa kando. Na mimi nikaingia kupiga magoti kwenye jiwe la Bwana wangu nikiwa natabasamu kama mpumbavu, kwa sababu nilikusikia wazi kabisa: "Unaona? Bila sisi mungelala inje."

Nililia pale kaburini. Ni padogo, unaingia kwa kuinama, na ni patupu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kila Pasaka tangu utoto, kwamba kaburi ni tupu, lakini kuweka mkono juu ya mahali ambapo hakuna mtu ni jambo jingine. Nilifikiri juu ya kaburi lako na mvua inayolinyeshea. Moyo wangu ukalainika. Nilipotoka, uoga ulikuwa umekwisha. Nikamwonyesha padri zile nguo, nikamweleza kila kitu. Akasema niende, yeye atawaambia wengine naumwa tumbo.

Nikapita barazani kwa mafundi. Nilimchagua mmoja kwa sababu alikuwa anaumauma uzi kwa meno ya pembeni kama wewe. Nikaonyesha mkasi wake, nikasema mkasi. Akashangaa, kwao pia neno ni karibu hilo hilo. Kumbe anawashonea watawa wa Kifaransa, na Kifaransa chake kimevunjikavunjika kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Nikafungua kanga. Akapitisha kidole ukingoni, akafika kwenye matundu ya sindano, akasimama, akaniangalia. Nikamwonyesha kwa mikono: nilishona, mwenyewe akafumua. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kicheko chako, Fundi, ila hakina lile kohozi.

Akaniambia mwaka huu anampeleka mkewe Makka. Hija yake mwenyewe alishaifanya ujanani, kwa hiyo nia ya safari hii ataiweka kwa ajili yako. Akauliza jina lako, la baba yako na la mji wetu, nikampa, Ramadhani mwana wa Hamisi, wa Gisenyi. Akauliza mimi ni nani wako. Nikatafuta neno la Kifaransa la mwanafunzi wa ufundi, halikuja. Akauliza, mwanawe? Nikasema ndiyo.

Hilo peke yake lilinifanya nitembee siku zilizobaki kama mtu mwenye viatu vipya. Tulikwenda Bethlehemu, ambako mlango wa kanisa ni mfupi na kila mtu huingia ameinamisha kichwa, hata maaskofu. Tulikwenda Yordani. Nilitegemea mto mkubwa wa kutisha, nikakuta kitu kama Sebeya yetu wakati wa kiangazi, maji ya tope, vyura. Padri alikuwa anatazama uso wangu. Nikamwambia kama Bwana aliona mto huu unamtosha, mimi nani. Nikajaza chupa. Mjukuu wangu wa kwanza amebatizwa kwa maji yale, na aliponyunyiziwa akapiga kelele mpaka kanisa zima likacheka.

Nikarudi, nikangoja. Mwezi wa hija ukaja ukapita. Mama Zaina hakuniuliza kitu, na kutoniuliza kwake kulinitesa. Nilianza kujiambia kwamba nilimpa mtu nisiyemjua kitu pekee ulichokuwa unakitamani duniani. Nilikuwa nashona huku natazama barabara.

Juzi lori la mizigo lilifika kutoka Kampala. Dereva akaanza kuzunguka mtaani na furushi, anamtafuta mwana wa Ramadhani fundi. Watu wakamwambia amepotea, Ramadhani hakuzaa mtoto wa kiume, ana binti tu. Akafika mpaka kwako. Mama Zaina akamsikiliza, akamwambia, "Iko. Iko dukani, anashona." Akamleta mwenyewe, bila viatu.

Furushi lilikuwa limepita mkono kwa mkono. Fundi wa Kudsi aliwapata mahujaji wa Mombasa kule Makka, wao wakawapa wa Kampala, wa Kampala wakampa dereva, na neno moja la kunifikishia. Dereva alikuwa amelishika njia nzima. Akasema, "Anasema: amefika."

Nguo zako zimerudi, Fundi, zimeoshwa kwa maji ya Zamzamu, zinanukia udi, na matundu yangu bado yapo ukingoni. Mama Zaina amezikumbatia, akasema sasa usiku hazitamwangalia tena. Ameniomba nizitunze mpaka siku yake, ili azikwe nazo yeye. Nakuahidi nitakuwapo. Sitakwenda Goma kutafuta nyuzi. Na sitatia sindano.

Jambo la mwisho. Nilimwuliza sheikh wa msikitini, akasema jina lile walilokutania mtaani ni la yule aliyetembea kwa miguu yake, marehemu hupata thawabu tu. Sawa. Lakini mimi ni Mkristo, sheria hiyo hainibani, na wewe uliniambia mwenyewe ni nani anayestahili kuitwa. Basi pumzika. Duka liko salama, na kiti chako nitakifuta vumbi nikiinuka.

Kwaheri, Haji.

Mwanao,
Tadeyo