Maneno Mekundu ya Oveni

Chumba cha magunia,
Kiwanda cha mikate.
Jumanne, zamu ya asubuhi imeshatoka.

Mpwa wangu mpendwa, Dodosa,

Pokea salamu zangu, mimi mjomba wako. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Watoto wanakula vizuri au bado wanachagua kama mama yao? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yananung'unika kila nikipanda ngazi, nami nayaacha yanung'unike, kazi ni yangu si yao. Baba yako mzima pia. Siku hizi jikoni yumo yeye, nasi tunakula kwa subira.

Najua utauliza kwa nini apike yeye, maana toka nimjue huyo shemeji yangu hajawahi hata kuchemsha maji. Mama yako ameungua mkono.

Kaa kwanza, usome taratibu. Ni mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Daktari anasema ngozi inarudi na vidole vitakunja. Mama yako alinikataza nisikwambie, ati hutalala. Lakini mimi sikuzaliwa nikatazwe na dada mdogo, tena niliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu. Na jambo lenyewe linakuhusu, kwa kuwa aliunguzwa na ile oveni mpya, na programu iliyomo ndani yake inatoka ofisini kwenu.

Ilikuwa hivi. Feni ya ndani ilikufa. Kile kioo chake cha maandishi kikawaka chekundu, kikaandika maneno ya kigeni. Sasa, fundi aliyekuja kuifunga oveni alituachia elimu moja tu: kikiwaka chekundu, bonyeza kitufe cha kijani, kitatulia. Na kweli hutulia. Basi sote tukawa tunabonyeza, kama mtu anayemwitikia mgeni ndiyo ndiyo na wala hajui anaulizwa nini. Mama yako naye akabonyeza, wekundu ukaondoka, akavuta mlango. Moto uliokuwa umejikusanya ndani ukamtokea mkononi. Baadaye mwenye kiwanda, anayeijua lugha hiyo, akatusomea yale maneno. Yalikuwa yanasema mlango usifunguliwe.

Kwa hiyo oveni ilimwonya, mpwa wangu. Ilimwonya kwa lugha asiyoijua, ikadhani imemaliza kazi yake.

Sikulaumu. Maneno hayo hukuyaandika wewe. Na pale mwenye kiwanda alipowaomba ofisini kwenu maneno ya Kiswahili, ukaniletea uliyoyatafsiri, uliniambia: "Mjomba, yapitie." Nimeyapitia. Kwenye simu ungenikatiza katikati kama kawaida yako, ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu ni mkubwa na unapanda kilima, lakini unasomeka, na mwalimu aliyesema sitaandika barua maishani mwangu amekufa kabla hajaniomba radhi.

Maneno yako ni mazuri sana. Yangefaa kusomwa na waziri. "Hitilafu ya mzunguko wa hewa imebainika. Tafadhali rejea mwongozo wa mtumiaji." Nimeyasoma mara nyingi nikajivunia, nikasema huyu ni damu yangu. Halafu nikajiuliza, mwongozo uko wapi? Umo kwenye droo ya mwenye kiwanda, droo ina kufuli, na mwongozo wenyewe ni wa lugha ileile ya kigeni. Na pale ulipoandika "Ingizo batili", Bi Hamira, yule anayekanda unga, mwenye mikono kama miguu ya meza, akaniuliza: "Mzee, hapa tunatukanwa au?"

Basi nikaamua tuyapime. Wewe unajua mimi nikiamua. Nimeoka mikate tangu baba yako hajajua kujifunga mkanda, na sijawahi kumpa mtu mkate ambao sijauonja. Mbona maneno tuyale mabichi?

Jumapili oveni ikiwa baridi tulikata maboksi ya hamira, tukaandika kila onyo kwenye kipande chake. Tukawasha mashine za kukandia ili pawe na kelele kama siku ya kazi. Tukamwita dereva wa gari la mikate, ambaye oveni anaijua kwa harufu tu, tukamsimamisha mbele ya mlango na trei mkono mmoja. Bi Hamira anamwinulia onyo, yeye anasoma na kufanya anavyoelewa. Sisi tunatazama mkono wake, mdomo wake hatuna habari nao. Mkono ukienda pabaya, onyo linatupwa.

Onyo lako la mzunguko wa hewa alilisoma lote, akasema "sawa", akafungua mlango.

Usihuzunike. La kwangu nalo lilitupwa. Nilikuwa nimeandika: "Mwenye pupa, mlango huu humfunza adabu." Nililitunga usiku mzima na lilikuwa zuri kupita kiasi, hilo ndilo tatizo lake pekee. Dereva akatikisa kichwa akaniambia, "Hapo mzee umesema hekima tupu." Na huku anasema, mlango ameshaufungua. Bi Hamira alicheka mpaka akakalia gunia.

Tukaandika jingine, la kawaida: "Feni imekufa. Moto umejaa ndani. Usifungue mlango." Nikasema hapo sasa tumefika. Dereva akasoma feni imekufa, akasoma moto umejaa ndani, na kufika kwenye usifungue vidole vyake vimeshashika kishikio. Tulirudia na Bi Hamira mwenyewe, ikawa vilevile. Mtu mwenye trei mkono wake hausubiri jicho limalize. Trei ni nzito, mkate unaungua, mkono unakwenda wenyewe mlangoni.

Ndipo tukageuza. Katazo likaja mbele: "Usifungue mlango. Zima moto. Feni imekufa." Dereva alisoma maneno mawili, mkono ukaganda hewani kama wa mtu aliyeona nyoka. Tukamwita mlinzi wa getini, ambaye kusoma anasoma kwa kuburuta, naye mkono ukaganda. Siku hiyo tulipima maonyo yote ya wekundu namna hiyo, na yaliyoshinda ndiyo haya nimekufungia humu.

Najua utakachosema, maana ulishaniambia kwenye simu. Kwamba mkubwa wako anataka chanzo kitajwe kwanza, ndivyo ilivyo katika lugha ya kwao, na kila lugha ifuate mpango huo. Kwamba kisanduku cha maneno kwenye kioo ni kidogo. Kwamba kila onyo liwe na tafadhali. Nitakujibu kimoja kimoja, na ukipenda umsomee.

Kisanduku kidogo hakinisumbui, maana maneno yetu ni mafupi kuliko yako, yahesabu uone. Hiyo tafadhali uiweke kwenye mambo yanayoweza kungoja, mfano saa ya oveni ikiwa haijasahihishwa, hapo hata mara mbili mbili. Lakini nyumba ikiungua hatumwambii mtu tafadhali toka. Tunamvuta shati. Na huo mpango wa chanzo kwanza, mwambie mkubwa wako kwamba chanzo tutakisoma tukiwa tumesimama mbali na mlango, wakati tunao. Mambo yake ya ofisini simwingilii. Huku mbele ya oveni nasimama mimi.

Tena lipo jingine. Onyo la mlango lisifutike kwa kile kitufe cha kijani. Likae palepale mpaka joto lishuke. Unisamehe kama ni kazi kubwa. Ifanye hivyohivyo.

Mama yako alijua tunapima, akaja na bandeji yake, akajifanya amefuata mkate wa nyumbani. Alisimama kando ya rafu akitazama. Tulipofika kwenye onyo lile aliloshindwa kulisoma, akaliomba, akalishika kwa mkono wa kushoto, akalisoma kimya.  Alinirudishia, akachukua mkate wake akaenda. Mimi nikaliweka onyo lile juu ya mengine yote.

Sasa nifikie lililonifanya niandike leo na si wiki ijayo. Asubuhi hii mama yako amekwenda kwa mwenye kiwanda, akamwambia siku ya kwanza ya mwezi ujao anarudi kwenye oveni yake. Nilimkataza. Akaniuliza, "Kwani kaka, mimi nimeungua akili?" Nikamwambia angojee maneno yafike. Akasema amechoka kula mapishi ya mumewe, na maneno yatamkuta kazini. Ukaidi huo sijui ameurithi kwa nani.

Basi nikaenda mimi kwa mwenye kiwanda. Ufunguo wa gesi ya oveni hushikwa na mkuu wa oveni, na mkuu wa oveni ni mimi. Nimemwambia kwamba siku ya kwanza nitafika kazini mapema kuliko wote, na kama kioo bado kinasema lugha ya kigeni, ufunguo hautatoka mfukoni mwangu. Akasema atanihamishia getini. Nikamwambia anihamishe, nitakwenda nao. Akaniuliza kama mpwa wangu ni mtu wa kuaminika. Nikajibu ndiyo. Sikufikiri hata kidogo, ilinitoka tu.

Barua hii anakuletea ndugu wa dereva, anasafiri kuja huko kesho. Maonyo yamo yote, nimeyafunga kwa uzi. Msalimie mkeo. Wabusu watoto, uwaambie babu yao mjomba anawasubiri waje wakande unga. Bi Hamira anakusalimu, anasema bado unadaiwa ile ngoma uliyoahidi kucheza naye. Baba yako anakusalimu kutoka jikoni. Mama yako hakusalimu, kwa kuwa hajui kama nimekuandikia.

Mungu akulindie macho na vidole, na akupe kauli nzito mbele ya mkubwa wako.

Kwa hiyo, Dodosa, mji huu kula au kutokula mkate siku ile ya kwanza kumebaki juu yako. Mimi ufunguo nimeshauweka mfukoni, na mfuko nimeushona.

Wako akupendaye, asiyerudi nyuma,
Mjomba.