Mwanamvita Anavyotuchekesha Mpakani

Tunduma, 2 Septemba 2014

Dada Tulinagwe,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Kahawa mmemaliza kuchuma? Mimi mwili mzima, moyo ndio umelegea. Ebola iko Kongo, na malori ya Kongo yanapita hapa. Madereva wananipa hati za forodha mkononi. Jana nilizipiga pasi kwanza kuua wadudu, nikaunguza moja. Karani mwenzangu, Mwanamvita, akanipiga picha, akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, la makarani na madereva: “Wateja, leteni na mashati.” Nimeaibika. Naacha kazi, narudi nyumbani.

Mdogo wako,
Gwalugano

Ileje, 5 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, sisi wazima. Picha imefika hata huku, nimecheka mpaka nikakaa chini. Nisamehe. Njoo, nafasi ipo. Ila huyo binti, yeye haogopi?

Dada yako

Tunduma, 13 Septemba

Dada,

Shikamoo. Za huko kwenye baridi? Nilimuuliza. Akasema, “We Gwalu, naogopa kukushinda. Asubuhi nisipoandika utani, sitoki kitandani.”

Juzi aliingia dereva kutoka Lubumbashi akikohoa, wote tukakimbia. Mwanamvita akaandika papo hapo: “Ishaka ameruka kaunta na kikombe cha chai, hajamwaga hata tone. Timu ya taifa inamhitaji.” Karani mwenzetu huyo Ishaka akacheka, akanawa, akarudi kumhudumia mgeni. Mimi ningegomba tu, na asingerudi. Nitamaliza mwezi kwanza.

Mdogo wako

Ileje, 22 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Siku tisa kimya. Watu wa basi wanasema kuna karani ametengwa kwa homa. Ni wewe?

Dada yako

Tunduma, 23 Septemba

Dada,

Shikamoo, na pole kwa hofu. Si mimi, ni Mwanamvita. Majibu bado. Kundi lilinyamaza, na wengine wamejitoa, kana kwamba homa inapita kwenye simu.

Leo asubuhi nimeandika mimi, mara yangu ya kwanza: “Mwanamvita amepewa chumba cha peke yake, chakula cha bure, na hakuna wa kumkopa vocha. Wanaotaka homa wajiandikishe kwa karani.” Nilipotuma, nikadhani nimemkosea. Robo saa baadaye akajibu: “Umechelewa, karani. Nakusubiri tangu jana.” Ishaka akafuata, kisha madereva, mpaka simu ikapata moto.

Siji kwanza, dada. Dirisha lake lina foleni, na nimekaa mimi.

Mdogo wako