Kufuli Kwenye Kanisa la Baba

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya kanisa.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko, na shemeji je, ule mgongo wake umetulia? Sisi afya tunayo, hata kuku wanataga. Amani ndiyo hatuna. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu naona haya, hata mbele yako wewe uliyeniona nikiunguza mboga mwaka wangu wa kwanza wa ndoa.

Nataka uyasikie kwangu kabla hayajakufikia kwa watu, maana wao wataongeza chumvi. Na haya hayahitaji chumvi.

Mwezi uliopita washirika walikutana kuchagua mashemasi. Kaka yako ndiye aliyekuwa kiongozi wao tangu Baba afariki, na unamjua: akikohoa, wote wanyamaze. Safari hii kura zilimwangukia fundi seremala. Kaka yako akatoka bila kuaga. Tangu hapo wimbo ni mmoja: "Kiwanja ni cha baba yangu. Watanitambua."

Wewe unayajua ya kanisa hilo kuliko mimi. Ibada zilianzia ghalani kwa Baba, watu wameketi juu ya magunia ya mahindi. Kiwanja alikitoa kwa mdomo, mbele ya wote, akasema Mungu hapangishwi. Mimi nilikuja bi harusi kuta zikiwa zimefika madirishani, nikamkuta jirani yetu, Mama Chapuchapu, akikanyaga udongo wa matofali na tumbo lake kubwa, akitukemea sisi mabinti tuliokanyaga kama tunaogopa kuchafuka. Mlinisimulia kwamba yeye ndiye wa kwanza kuzamishwa kwa ubatizo pale kijitoni, akaibuka akipiga chafya, mchungaji wa wakati ule akasubiri amalize ndipo aseme amina.

Basi, wifi, Mama Chapuchapu hatunaye. Alifariki Alhamisi, usingizini. Jumamosi wakamleta kanisani, wakakuta mlango una kufuli.

Mwanawe, yule fundi baiskeli, alikuja hapa kwetu amevaa koti la kuazima. Hakupandisha sauti.

"Mama, naomba ufunguo. Tunamwingiza kidogo tu, tumwombee, tuondoke."

Nilikwenda chumbani. Kaka yako alikuwa ameketi kitandani, kavaa suti, kafunga na tai. Nadhani alitaka kubembelezwa.

"Aje seremala mwenyewe aniombe," akasema.

"Aliyekufa si seremala, baba watoto."

"Nimeshasema."

Nikatoka mikono mitupu. Nikamwambia mfiwa "amekataa", nikajitanda khanga nikamfuata.

Waliliweka jeneza kwenye upenu wa kanisa, juu ya viti vya kuazima. Manyunyu yakaanza. Vijana wakataka kuvunja kufuli, mchungaji akawazuia: "Hatumziki mama huyu kwa nyundo." Wakaifungua miavuli yote juu ya jeneza, wenyewe wakalowa. Mimi ndiye huanzisha nyimbo. Siku hiyo nikawaachia wengine. Nilijibanza nyuma kabisa, mama mmoja akanifunika kwa upande wa shali yake. Angenitukana ningepata nafuu.

Husemwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yetu waliijua wote, hadi wapita njia.

Jana, Jumapili, kaka yako akaondoa kufuli, akafagia, akapiga kengele. Hakuja mtu. Walikuwa karakanani kwa seremala, wameketi juu ya mbao, na mimi nikiwa nao. Kengele ikalia tena, na tena, mpaka mchungaji akakatiza mahubiri. Fundi baiskeli akainuka akatoka. Nilidhani anakwenda kupigana. Akarudi peke yake.

"Nimemwambia nafasi ipo," akasema, akaketi.

Kaka yako hakuja. Mchana hakula. Nilimkuta makaburini, ameketi kando ya udongo mbichi, suti yote imechafuka. Nikamwambia twende nyumbani.

"Tangulia," akasema. "Nimekuja kumwomba radhi, sijui naanzia wapi."

Wifi, wewe dada yake mkubwa ndiye uliyembeba mgongoni utotoni, na ni wewe pekee ambaye habishani naye. Njoo. Usije kumtetea, wala usije kumsema. Umshike mkono tu hadi kwa mfiwa, maana peke yake miguu inamgomea.

Na wanao wakiuliza habari za kanisa la babu yao, usiwachagulie yaliyo matamu. Waambie la ghala na la matofali, kisha uwaambie na la Jumamosi. Yote ni yetu.

Nisalimie shemeji, binti yako mshonaji, na yule kitindamimba wako mwenye maneno mengi. Bwana awalinde mtokapo na mrudipo.

Ni mimi wifi yako akupendaye, ingawa leo nisingeweza kukutazama usoni,

Mke wa kaka yako.